Mti wa Krismasi wa babu unamkohoza mwanangu, niukatae?

Shikamoo shangazi. Naomba usiweke jina langu maana huku Mafinga tunajuana wote na mawifi zangu wanasoma humu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, kwetu ni Mbeya, nimeolewa huku Mufindi mwaka wa nane sasa. Mwanangu mkubwa ana miaka sita na ana pumu, tuliambiwa akiwa na miaka mitatu. Mwaka mzima anaendelea vizuri tu, mpira anacheza, shule anaenda, kifua kikimbana nampa inhela ya bluu kinaachia. Shida yangu mimi ni Krismasi.

Baba mkwe ana shamba la mipaini kijijini, kama nusu saa na bodaboda toka hapa, walilipanda yeye na marehemu mama mkwe. Kila mwaka tarehe 20 au 21 Disemba anachagua kimti kimoja kati ya vile vilivyojiotea pembeni ya shamba, anakikata mwenyewe na panga, anakileta kwetu nyuma ya bodaboda kimeloa mvua, maji yanachuruzika mpaka mlangoni. Tunakisimamisha sebuleni kwenye ndoo ya mchanga, tunamwagia maji kisikauke, wajukuu wanapamba na maputo, na taa, na ile pamba ya kuweka kama theluji. Aliyeanzisha ni mama mkwe, nilimkuta mwaka mmoja tu lakini niliona alivyokuwa anaupenda huo mti kuliko hata pilau la siku yenyewe. Alifariki 2018, kifua kilimsumbua miaka mingi. Tangu hapo mzee hajawahi kuruka hata mwaka mmoja, na mti hautoki mpaka tarehe 6 Januari.

Sasa mwaka jana, tarehe 24 mtoto ashaanza kujikuna macho na pua inatoka maji. Tarehe 27 anakohoa usiku kucha. Tarehe 31 saa nne usiku inhela haisaidii tena, jirani akatukimbiza na bajaji hospitali, wakamweka kwenye mashine ya mvuke, mwaka mpya umenikuta nimekaa kwenye benchi nimemshika mkono. Nesi akaniuliza, mama nyumbani kuna kitu gani kipya? Nikasema hamna. Tunarudi asubuhi nafungua mlango wa sebuleni harufu ya paini ikanipiga, ndo nikakumbuka. Mti ulivyotoka tarehe 6 haikupita wiki mtoto akawa mzima. Mwaka wa nyuma yake ilikuwa hivyo hivyo ila nafuu kidogo. Na mwaka wa nyuma zaidi tulikuwa kwetu Mbeya, mama yangu ana mti wa plastiki, hakukohoa hata siku moja.

Nikamwambia mume wangu, akasema ni baridi na mvua, na mimi namlea mtoto kama yai. Nikamwomba aongee na baba yake hajaongea mpaka leo. Kibaya zaidi nilimgusia wifi yangu mkubwa, kesho yake akaandika kwenye grupu la ukoo, "mti wa mama leo umekuwa sumu." Shangazi nililia. Mimi sijawahi kumvunjia heshima mama mkwe, akiwa hai wala alipofariki.

Mwaka huu Krismasi ya ukoo ni kwetu, tutakuwa watu kumi na nne na watoto wote watalala sebuleni, yaani mwanangu atalala pembeni kabisa ya huo mti. Nimenunua mti wa plastiki elfu sitini na tano, nimeuficha chini ya kitanda, mume wangu hajui. Jirani ananiambia nichukue wa mzee niupulizie jiki utaua kila kitu. Niukatae mti wa mzee? Nimwache mume wangu aongee akipenda? Au nimchukue mtoto nikakae nae Mbeya mpaka mwaka upite? Nisaidie, Disemba inakuja na mimi moyo unaenda mbio.

Mama wa dogo, Mafinga

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na kamwene. Nimeisoma barua yako mara tatu, na hapo kwenye benchi nilisimama kidogo. Kumshika mtoto mkono anavuta hewa haiingii ni kitu ambacho mtu akishapitia hakitoki. Kwa hiyo kwanza kabisa, hujamlea kama yai. Mtoto aliyefikishwa kwenye mashine ya mvuke alikuwa anaumwa kweli, na mama aliyeona tarehe zinafuatana ni mama anayetumia macho yake.

Nikikuelewa vizuri unaniambia hivi. Unaamini mti unamuumiza mtoto, unaogopa kwamba ukiukataa utaonekana umemkataa marehemu, na katikati amekaa mume ambaye hajaamua kusimama popote. Hayo ni mambo matatu na umeyafunga kwenye furushi moja. Tulifungue taratibu.

Tuanze na mti wenyewe, maana hapo una hoja. Yapo mambo yamepimwa. Kule Connecticut, Marekani, madaktari walipima hewa ya chumba chenye mti wa Krismasi wa kweli toka tarehe 24 Disemba mpaka 6 Januari, wakatoa matokeo 2007. Walikuwa wanahesabu vijimbegu vya ukungu, na hapa sisemi ukungu wa asubuhi wa Mufindi, nasema ule wa kwenye mkate uliolala, wengine wanaita fangasi. Siku tatu za kwanza vilikuwa kama 800 kwenye kila mita moja ya ujazo ya hewa. Kuanzia siku ya nne vikaanza kupanda, kufika siku ya kumi na nne ni 5,000. Halafu 2011 wengine wa Syracuse, New York, walichukua vipande 28 vya majani na magome ya miti ya Krismasi wakakuta aina 53 za ukungu, nyingi zikiwa za kuweza kusumbua watu. Yaani mti unatoka nao shambani tayari, haijalishi ni msafi kiasi gani kwa macho, na ukishaingia ndani kwenye joto la watu na unyevunyevu ukungu unazaliana.

Sasa weka tarehe zako pembeni ya hizo. Mti unaingia 20 au 21, macho yanawasha 24, kikohozi 27, hospitali 31. Nilivyoona nilitikisa kichwa. Na mti wenu unaingia umeloa chapachapa, katikati ya mvua, unawekwa kwenye mchanga wenye maji, madirisha yamefungwa kwa baridi. Kama ningetaka kuotesha ukungu makusudi ningefanya karibu hivyo hivyo.

Lakini mwanangu nivumilie, maana kuna vitu kwenye barua yako vinanifanya nisikimbilie kusema ni mti peke yake. Hiyo pamba ya theluji, mwaka mzima inakaa wapi? Kama ni kwenye boksi stoo, stoo za huku nazijua, ukuta unatoka jasho. Pamba ikilala humo miezi kumi na moja ikija kutandazwa juu ya mti uliolowa, ukungu umeshapata kitanda na shuka. Wageni wakija mnawatandikia magodoro gani, yale yaliyolala stoo nayo? Usiku wa baridi mnaingiza jiko la mkaa sebuleni? Hujaandika, ila nyumba nyingi za Mafinga mwezi huo jiko liko ndani, na moshi wa mkaa kwa kifua cha pumu ni adui bila kusaidiwa na mti wowote, tena mkifunga milango na kulala nalo hata wazima wanaweza wasiamke. Na watoto wakikutana wanaambukizana mafua, na mafua ndio kitu kinachoamsha pumu ya watoto kuliko vingi. Hata ile harufu ya utomvu wa paini, kuna watu inawawasha pua na kifua bila ukungu kuwepo.

Kwa hiyo Krismasi ya Mbeya unayoitumia kama ushahidi haiwezi kusema peke yake. Kule mti ulikuwa wa plastiki, sawa, lakini pia nyumba ilikuwa nyingine, kitanda kingine, pengine hamna jiko ndani, pengine watu wachache. Sikukatalii. Ninachokwambia ni kwamba ukienda kwa wakwe na neno "ni mti", halafu mti ukatoka na mtoto akakohoa tena kwa sababu ya godoro, hakuna atakayekusikiliza mwaka unaofuata. Ukienda na neno "kifua cha mtoto hakistahimili unyevu na vumbi mwezi huu, tupunguze vyote", hapo umesimama pazuri, na mti unakuwa mmoja kati ya vitu kadhaa badala ya kuwa mshtakiwa peke yake kizimbani.

Sasa huo wa plastiki chini ya kitanda. Ni njia, na watu wengi wenye watoto wa pumu wameishia huko. Mwaka wa kwanza ukitoka dukani ni msafi. Ila ukikunjwa ukarudi kwenye boksi la karatasi stoo, mwaka wa pili unatoka na vumbi lake na ukungu wake, lazima ufutwe na uanikwe kabla ya kusimamishwa na utunzwe kwenye kitu cha plastiki kinachofunga vizuri. Lakini sio hilo linalonipa wasiwasi. Ni kwamba umenunua kwa siri. Fikiria mzee anashuka na mti wake kwenye bodaboda, kaloa, anakuta sebuleni kuna mwingine umeshapambwa. Hata kama una haki, hapo ndipo sentensi ya wifi yako itapata miguu.

Kwenda Mbeya nako, kwa kifua cha mtoto inawezekana ikawa salama kuliko zote, na siidharau. Lakini mwaka huu ukoo unakuja kwako. Mwenye nyumba kuondoka wageni wanaingia ni maneno ya miaka mitano, na mtoto atajua kwamba yeye ndio alisababisha Krismasi ikavunjika. Hii mimi ningeiweka kabatini, itoke kama hali ya mtoto imekuwa mbaya kweli au kama umeongea umegonga ukuta kabisa.

Jiki hapana, na hapa nasema bila kuzunguka. Ile harufu yenyewe inabana kifua cha mwenye pumu, utakuwa unatoa nyoka unaingiza nge. Na zile spreyi za marashi za kufukuza harufu nazo weka mbali.

Zipo njia za katikati ambazo naona hujazifikiria, labda kwa sababu ya hofu tu. Mti unaweza kuja na usiingie ndani siku hiyo. Mzee akiuleta unaupiga maji safi kwa nguvu na mpira au ndoo, toka juu mpaka chini, unaukung'uta vizuri, unausimamisha chini ya bati barazani pasipofika mvua ukauke kabisa majani na shina, siku mbili tatu. Atakayefanya hiyo kazi asiwe mtoto, na avae mikono mirefu na glavu. Halafu uingie ndani tarehe 24 jioni, utoke 27 au 28 asubuhi. Kumbuka zile hesabu, siku za mwanzo zilikuwa chini, kilichopandisha ni kukaa. Hatari ya njia hii ni kwamba inapunguza, haiondoi, na kwa mtoto aliyefika kwenye mashine mwaka jana kupungua kunaweza kusitoshe. Mzee naye anaweza kuuliza kwa nini mti wa mama utoke kabla ya tarehe 6.

Au mti usiingie kabisa. Usimame barazani, taa zake zote, wageni wakiingia getini wauone kwanza, na usiku watoto wakae nje na babu yao hadithi zinaendelea. Nikwambie ukweli hii imenipendeza, lakini mimi sio mkwe wa mtu kwenye hiyo nyumba. Mvua ya upepo itaulowesha, taa za umeme na maji haziendani kwa hiyo hapo muwe makini sana, na kuna mtu atasema umeutoa mti nje kama mbwa. Njia nyingine ni mzee achimbue mche mdogo na mizizi yake auweke kwenye ndoo, ukae ndani siku tatu kisha mkaupande pamoja. Usidhani mti wenye mizizi hauna ukungu, unao, na udongo mbichi wa kwenye ndoo unao pia, ila unaanzia ukiwa mdogo na una sababu ya kutoka mapema ambayo haimuumizi mtu.

Popote mti utakapokuwa, dogo asilale chumba kimoja nao. Hilo lipo mikononi mwako hata bila kikao cha ukoo, ni suala la nani analala wapi tu. Godoro lake lianikwe juani siku jua likitoka, blanketi zifuliwe kabla, pamba ya zamani itupwe, mapambo yafutwe, mchana madirisha yafunguliwe.

Sasa nije kwenye kitu ulichokiandika kwa haraka ukapita. Umesema mama mkwe kifua kilimsumbua miaka mingi. Hii hali ya pumu na aleji inatembea kwenye damu za familia, kwa hiyo yawezekana huyu mjukuu amerithi kifua cha bibi yake. Mzee amekaa na huyo mke miaka yote. Anajua kukohoa kwa usiku kunavyokuwa, anajua kuamka saa nane kuchemsha maji. Katika ukoo mzima pengine ni yeye ambaye hahitaji kuelezwa pumu ni nini. Na kwenye barua yako yote sijaona sehemu hata moja ambapo wewe, au mtu yeyote, amemwambia. Mume wako hakuongea, wifi ameongea na grupu, wewe umeongea na mimi. Mzee mwenyewe bado anakata mti akiamini anawafurahisha.

Ila hapa nenda kama mtu anayevuka daraja la miti wakati wa masika. Ukimwambia mzee kwamba mti una ukungu na ukungu unabana kifua, usiku ule ule atakaa peke yake aanze kujiuliza kama mti aliokuwa anamletea mke wake ndio uliokuwa unamkohoza. Hakuna anayejua, wala wewe hujui, na hilo swali halina faida kwa mtu wa umri wake. Kwa hiyo usiende na habari za Connecticut wala namba zangu hizo, nimekupa wewe. Nenda na mtoto. Mweleze usiku wa tarehe 31 ulivyokuwa, sidhani kama anajua habari nzima, halafu muulize yeye, "Baba, tufanyeje mwaka huu ili dogo asirudi kule?" Kisha nyamaza umwachie. Anaweza akaja na jibu ambalo mimi na wewe hatujaliwaza. Anaweza pia akakasirika, wazee wengine hasira ndio machozi yao, hapo usibishane, mwache siku mbili.

Kuhusu mume wako, namuona kama mtu anayeogopa kuliko kama mtu mkaidi. Huo ndio mti wa mama yake. Kusema "ni baridi tu" ni rahisi kuliko kusema kitu cha mama kinamuumiza mwanangu. Kabla hujaenda kwa mzee mwambie kwamba unaenda, na mti wa plastiki mtolee chini ya kitanda umwonyeshe, elfu sitini na tano na yote. Atanuna, inawezekana. Lakini akija kujua kwa wageni itakuwa mbaya zaidi. Muombe mwende wote, akikataa kuongea akae tu pembeni yako, inatosha. Wifi mwache kwanza, hilo litapata siku yake.

Na wakati hayo yakiendelea, mtoto apelekwe kliniki sasa hivi, usisubiri Disemba 20. Umwambie daktari kila kitu ulichoniambia na zile tarehe, umuulize kama dogo anahitaji ile inhela ya kuzuia, ya kutumia kila siku, maana ya bluu inafungua kifua kikishabana tu na ile nyingine inahitaji muda kabla haijaanza kuonyesha kazi. Muulize na kutumia inhela kwa chupa, yaani dogo avutie dawa kupitia humo, hata ya maji ya plastiki iliyotobolewa vizuri inafanya kazi, nesi atakuonyesha. Chukua na daftari, kila siku andika amekohoa au hajakohoa, jiko liliwaka ndani au hapana, nani alikuwa na mafua, mti uko wapi. Januari utakuwa na kitu cha kuonyesha ambacho hakihitaji kubishana na mtu.

Ukiona usiku mbavu zinaingia ndani akivuta hewa, au hawezi kumaliza sentensi, au midomo inabadilika rangi, au ya bluu haimsaidii, msisubiri asubuhi na msisubiri ruhusa ya mtu. Ongea na huyo jirani wa bajaji mapema kwamba wiki hiyo yote simu yake iwe wazi. Na inhela uliyonayo iangalie leo imebaki dozi ngapi na inaisha lini, kusudi ununue nyingine kabla, maana kupata duka la dawa lililo wazi usiku wa mwaka mpya na watu kumi na nne ndani ya nyumba sio kazi ndogo.